Ukuta Usiotoa Tone

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ndiye msimamizi wa maji hapa kwenye mgodi wa makaa uliofungwa. Anataka kila asubuhi niandike maji ya mfereji yamefika rangi gani kwenye nguzo ya chuma. Nyeupe ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbio. Leo nyeupe.

Mimi niliyejenga ukuta wa mfereji huu kwa mikono hii, yeye akiwa bado anatambaa, nimepewa kazi ya kutaja rangi kama mtoto wa chekechea. Haya. Rangi ni tatu na kurasa ni nyingi, nitaandika na mengine. Kuandika nilijifunza ukubwani. Mwalimu alisema mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye majivu. Nikamjibu, kuku huyo anajua kujenga, wewe je?

Tarehe 3

Nyeupe.

Tarehe 5

Nyeupe. Nieleze mahali palivyo, maana siku moja watu watataka kujua ukuta huu ulikuwa wa nani.

Kijito kinatoka vilimani. Zamani kilipita katikati, juu ya makaa. Mgodi ulipokuja kikafukuzwa, kikazungushwa pembeni kwa mfereji. Mfereji unapita mgongoni mwa nyumba za wafanyakazi, juu yao kabisa. Kinachozuia mfereji na kifusi chake visiwaangukie watu vichwani ni ukuta wa mawe, na ukuta huo ni wangu. Kila jiwe nililigonga mimi. Mafundi wenzangu wa wakati ule wote wamekufa, na kuta zao nyingi zimekufa pia.

Sasa makaa yameisha. Shimo limejazwa kifusi, juu wameweka udongo na majani, na katikati mkwe wangu ametengeneza njia mpya ya kijito. Ina mikunjo kama nyoka aliyelewa. Mvua zikiisha na majani yakishika mizizi, atafungua lango la mbao kule juu, kijito kirudi kwao. Halafu ukuta wangu hautakuwa na kazi.

Hakuniambia yeye. Kaniambia binti yangu. Baina yangu na mkwe maneno yote hupitia kwake. Yeye akinisalimia hutazama viatu vyangu. Nimemzoea hivyo, na kusema kweli nilipenda iwe hivyo. Kijana anayekutazama viatu hawezi kukuuliza maswali.

Tarehe 8

Nyeupe. Binti yangu kaja na mtoto mgongoni, kanuna.

"Baba, yale maji mekundu yameingia tena uani kwangu. Tazama nepi hizi. Zilikuwa nyeupe!"

Zilikuwa rangi ya kutu. Maji hayo hutoka kwenye vibomba vilivyo chini ya ukuta. Vibomba si vyangu. Wenye mgodi waliviingiza miaka ya baadaye, eti vitoe maji yanayokusanyika nyuma, wakautoboa ukuta wangu kama ungo, wala hawakuniuliza. Nilikasirika wakati ule na hasira hiyo bado ninayo.

"Mwambie mumeo," nikamjibu.

"Nimemwambia. Anasema yaache yatoke. Mvua zikiisha atachimba mtaro wa kuyapeleka kwenye bwawa la mgodi."

"Mvua zikiisha! Kwani nepi zinasubiri mvua ziishe? Mwanangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nenda nyumbani. Baba yako bado yuko hai."

Tarehe 10

Nyeupe. Leo nimefanya kazi ya kifundi. Nimeviziba vibomba vyote. Saruji kavukavu, nikaishindilia kwa mpini wa nyundo mpaka ikagoma kuingia, halafu nikapaka juu unga wa mawe na tope. Hata mimi nikipita sivioni. Ukuta umekuwa mzima kama nilivyouacha siku ya kwanza. Akina mama wa nyumba za chini wamenipigia makofi. Mmoja kasema angekuwa kijana angeniomba nimuoe. Nikamwambia foleni ni ndefu.

Mke wangu akauliza, "Umemuuliza mkweo?"

"Nimuulize mtoto?"

"Mtoto huyo ndiye anayekulipa mshahara."

"Mshahara ananilipa. Ufundi hakunifundisha."

Akaendelea kuchambua mchele. Mke wangu akinyamaza hivyo, kuna kitu amekiweka akiba.

Tarehe 13

Nyeupe. Uani kwa binti yangu pakavu. Dereva wa tingatinga kapita, kasema, "Mzee wa Kazi, ukuta wako mkavu kama mkate wa juzi!" Nilimwambia auguse. Akaugusa.

Tarehe 17

Njano. Mvua imeanza, na haikupiga hodi.

Tarehe 18

Njano. Mfereji umejaa, unavuma. Nilishuka kuutazama ukuta. Hautoi tone. Kifusi nyuma yake kimelowa chapa, mfereji juu yake unapita kwa kasi, na uso wa ukuta mkavu. Niliupiga ngumi. Zamani ukiupiga ulijibu kama meza. Leo umejibu kama gunia.

Sijui kwa nini nimeandika hilo. Ukuta ni mzima.

Tarehe 20

Njano. Mkwe kaja mwenyewe, kalowa mpaka kwenye magoti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Mvua nzito."

"Mvua ni mvua."

Akakohoa. Akatazama viatu vyangu, vyenye matope kama vyake. "Nilitaka kushuka kidogo. Kutazama vibomba vinatoa maji kiasi gani."

Njia ya kushuka ni moja, nami nilikuwa nimesimama katikati yake. Sikusogea. "Chini kuna utelezi," nikasema. "Utavunjika mguu, halafu binti yangu alee watoto wawili. Ukuta nautazama mimi."

"Vinatoa lakini?"

"Ukuta wangu hauna tatizo lolote."

Ilikuwa zamu yake kusema, Baba, sogea. Angekuwa mtu baki angesema. Aligeuza kofia yake mkononi, akasema, "Haya, Baba," akapanda. Nilimtazama mpaka akapotea kwenye mvua. Nilijiona nimeshinda. Lakini chakula cha mchana nilikiacha nusu sahani, na mke wangu akaniuliza kama naumwa jino.

Tarehe 22

Njano. Kwenye njia ya juu, kati ya mfereji na ukuta, kuna mstari kwenye udongo. Mwembamba, unalala sambamba na ukuta. Ni fuko. Fuko huchimba sana msimu huu.

Tarehe 23

Njano. Fuko hachimbi mstari ulionyooka.

Nimechukua uzi wangu wa kazi. Nikaufunga ncha hii na ncha ile ya ukuta, nikauvuta mpaka ukalia. Uzi ukivutwa hivyo unapaswa kupita mbele ya mawe bila kuyagusa. Katikati umelalia jiwe. Ukuta umefanya tumbo, nyuma kabisa ya nyumba ya binti yangu.

Labda uzi umelowa. Nyuzi zikilowa hudanganya.

Tarehe 24

Njano. Nimebadilisha uzi. Tumbo lipo.

Nimegombana na dereva wa tingatinga. Nilimwambia mashine yake inatikisa ardhi na ukuta wangu unaumia. Akazima injini, akainama kutoka juu.

"Mzee, mimi niko ng'ambo ya shimo. Nikikutikisa wewe kutoka kule, basi na wake za watu ng'ambo wangekuwa wanatikisika."

Watu wakacheka. Nilimwita fedhuli. Baadaye nikakumbuka kwamba ndiye aliyenisifia ukuta, nikamchukia zaidi.

Tarehe 25

Jua! Nyeupe. Nimekula sahani mbili.

Tarehe 27

Njano, inapanda. Jana nilibandika kiraka cha saruji juu ya ule ufa wa njiani, kama mafundi wanavyofanya kuujaribu ufa. Kama ardhi imetulia, kiraka hubaki kizima. Leo nimekikuta kimekatika vipande viwili, na kati ya vipande kidole changu kidogo kinaingia.

Nimekaa pale mpaka nguo zikanishika mwilini. Chini uani binti yangu alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, anamwimbia. Mtoto anapiga maji kwa miguu. Mimi juu yao, na kati yetu ukuta mkavu. Nilitaka kupiga kelele. Niseme nini? Mtoto ameoga uani pale kila siku, na aliyepafanya uani pakavu ni mimi.

Tarehe 28

Njano. Nimepata akili. Nikamwambia mke wangu, "Tuma mtu kwa binti yako. Mwambie unaumwa sana, aje na mtoto akae hapa mpaka upone."

"Naumwa nini?"

"Chagua."

Binti akaja anakimbia, mtoto mgongoni, furushi kichwani. Akamkuta mama yake anatwanga.

"Mama! Si wanasema uko hoi?"

"Mimi? Hoi? Nani kasema?" Ndipo akanitazama. Mke wangu anajua mambo mengi, ila kusema uongo hajui, hata ukimwandalia.

Binti alikasirika, akarudi kwake na mvua yake. Alipoondoka mke wangu aliweka mchi chini.

"Sasa niambie ukuta umekuwaje."

"Nani kakwambia habari za ukuta?"

"Huli, hulali, unanuka saruji, na unataka mwanangu atoke kwenye ile nyumba. Unadhani nimeolewa jana?"

Nikamweleza. Nilianza na lile la usipoziba ufa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na anayeziba kisichokuwa ufa," akauliza, "huyo atajenga nini?"

Ndiyo ile akiba yake.

Tarehe 30

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Asubuhi maji yalikuwa yameanza kulamba nyekundu. Sikwenda kwa mkwe. Mungu anisamehe, nilikwenda kwanza kwenye ukuta na mtaimbo. Nilisema nitavizibua mwenyewe, vitoe maji, ukuta upumue, na nani atajua? Nikachagua kibomba kilicho chini ya tumbo. Nikapiga mara chache. Saruji yangu haikubanduka. Nilikuwa nimeishindilia vizuri mno.

Halafu kati ya mawe mawili pembeni ya uso wangu ukatoka uzi wa maji mekundu, mwembamba kama sindano, kwa nguvu. Na ukuta ukasaga meno. Mimi najua sauti ya jiwe likisogea juu ya jiwe. Nikautupa mtaimbo nikakimbia. Sijawahi kukimbia ukuta maisha yangu yote, na huo ndio ulikuwa wa kwanza, tena wangu.

Mkwe alikuwa kwenye kibanda cha mabati na dereva wa tingatinga, wanakausha soksi kwenye jiko la mkaa. Akasimama haraka.

"Shikamoo, Baba."

"Nitazame."

Akatazama viatu vyangu.

"Usoni, mkwe. Nitazame usoni. Vibomba nimeviziba. Vyote. Kwa saruji. Siku ile ulipokuja vilikuwa vimekwisha kuzibwa, na mimi nikakuzuia njia."

Akainua uso. Miaka yote hii sikuwa nimeyaona macho yake vizuri. Yanafanana na ya mjukuu wangu.

"Lini?"

"Kabla ya mvua."

"Kuna tumbo?"

"Kuna tumbo. Na ufa juu."

"Sehemu gani?"

"Nyuma ya nyumba yako."

Nilikuwa tayari kwa tusi. Ningelipokea, hata kofi ningelipokea. Alivaa viatu bila soksi. "Kuvizibua sasa hivi, atakayezibua atakufa," akasema, kama anasema peke yake. "Lazima maji yatoke mferejini kwanza. Tuvue mbao za lango. Kijito kiingie njia mpya."

Dereva akaruka. "Bosi! Majani hayajashika! Mawe ya kingo nusu yake hayajapangwa. Maji haya yote yakipita pale leo, kazi yako yote inakwenda bwawani."

"Najua."

"Wakubwa watakutoa roho."

"Najua pia. Chukua mnyororo." Kisha akanigeukia, akanitazama tena usoni bila kuombwa. "Baba, wewe shuka ukawatoe watu. Wewe watakusikia. Lakini usipite chini ya ukuta."

Hiyo ilikuwa amri ya kwanza mkwe wangu kunipa kwa mdomo wake. Nilikwenda mbio.

Kunisikia hawakunisikia. Nilipiga kelele mtaa mzima, tokeni, ukuta unakuja! Yule mama aliyetaka nimuoe akatoa kichwa dirishani.

"Si wewe uliyesema hautoi tone?"

"Ndiyo! Hautoi tone ndiyo maana unaanguka!"

"Mzee kachanganyikiwa," mwingine akasema. "Na mvua hii, nitoke niende wapi? Mboga iko jikoni."

Nikasimama katikati ya matope. Nilijua ni maneno gani yatawatoa, na nilijua sijawahi kuyasema mbele ya watu.

"Sikilizeni! Ukuta huu nimeuua mimi! Mimi, kwa mikono yangu, kwa ujinga wangu. Yale maji mekundu mliyokuwa mnayaona ndiyo yaliyokuwa yanawaokoa. Tokeni, na sufuria zenu, na mboga zenu, tokeni!"

Yule mama wa dirishani akavuta kichwa ndani. Halafu milango ikaanza kufunguka. Mwanamume akisema ameweza, watu huangalia kwanza. Akisema ameharibu, wanaamini palepale.

Binti yangu alitoka na mtoto na beseni. Sijui kwa nini alibeba beseni. Nilimshika mkono, tukapanda upande wa shule. Tulipofika juu nikageuka. Kule kwenye lango mkwe na dereva walikuwa wamefunga mnyororo kwenye mbao, tingatinga linavuta. Mbao zikatoka. Kijito kikasimama kama mtu aliyeitwa jina la zamani, kikageuka, kikaingia njia yake mpya. Kikaila. Majani yaling'oka kama mkeka, mawe yakaviringika, ile mikunjo yote niliyoicheka ikanyooshwa mbele ya macho yangu. Mkwe alisimama ukingoni, mikono imelala tu pembeni.

Mfereji ukaanza kushuka. Nyekundu, njano. Tulidhani yamepita. Ndipo tumbo likapasuka. Si ukuta wote. Ni pale katikati, upana wa nyumba moja. Mawe yangu yakaingia uani kwa binti yangu, na tope jekundu juu yake, yakafunika kamba ya nguo, jiko la nje na mahali pale pa kuogeshea mtoto. Yakafika ukuta wa nyumba yakasimama. Kama mfereji ungekuwa bado umejaa, yasingesimama.

Binti yangu alitazama beseni mkononi, akakaa chini.

Tarehe 31

Hakuna rangi. Mfereji mtupu.

Mkwe katoboa ukuta akianzia ncha zake, kule uliko mzima, kibomba baada ya kibomba. Kila kimoja kilipofunguka maji mekundu yalitoka kama ng'ombe anakojoa. Nilimshikia patasi.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Wakubwa wa mgodi wamekuja na magari. Wakamweka mkwe kibandani. Nilikuwa nje, mlango haukufungwa vizuri.

"Nani aliamua kufungua lango kabla ya wakati?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ukuta ulikuwa umelemewa."

"Ulilemewa vipi? Si una vibomba?"

Akageuza kofia yake mkononi. Jina langu hakulitaja. Alikuwa tayari kulibeba kosa langu, yule kijana. Miaka yote nilisema ananitazama viatu kwa woga.

Nikausukuma mlango. "Viliacha kufanya kazi kwa sababu niliviziba," nikasema. "Yeye aliniuliza, mimi nikamficha. Andikeni hivyo."

Mmoja akavua miwani. "Mzee, kwa nini uvizibe?"

"Vilikuwa vinauaibisha ukuta wangu."

Waliandika. Wala hawakucheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Tarehe 6

Nguzo ya rangi amepewa mtu mwingine. Mkwe kabakishwa, lakini njia ya kijito aijenge upya kabla ya mvua zijazo, na hakuna mtu wa kuongezwa. Binti yangu na mtoto wako kwetu. Mtoto analia sana. Mke wangu anasema analia kama mimi nilivyokuwa nalia moyoni mwezi mzima, ila yeye ana adabu ya kutoa sauti.

Tarehe 9

Leo nimechukua nyundo yangu nikaenda kwenye njia mpya. Sikuitwa. Dereva aliniona, akanipisha bila utani. Nikashukuru.

Mkwe alikuwa anapanga mawe ya ukingo kwenye mkunjo wa kwanza. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nipe upande wa kufanya kazi."

Akanionyesha. Nilipanga asubuhi nzima. Mkono bado upo. Atakayesema haupo aje tushindane. Nikayabana mawe kiasi kwamba hata chungu asingepita. Mkwe alikuja akasimama nyuma yangu. Nilimsikia anakohoa kile kikohozi chake. Nikangoja aondoke akamtafute binti yangu, binti yangu aje aniambie jioni.

Hakuondoka.

"Baba."

"Nakusikia."

"Lile la katikati umelibana mno. Litoe. Acha nafasi maji yapite."

Nililitazama jiwe. Lilikuwa limekaa vizuri, tena vizuri sana. Fundi yeyote duniani angelisifu.

Nikalitoa.